Gedi, Mji wa Mawe Msituni

Gedi ni magofu ya mji wa Waswahili katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kusini mwa Malindi. Mji ulianza katika karne ya 11 au ya 12, ukanawiri katika karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Kaburi moja limechongwa tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, na tarehe hiyo imewafaa sana wanaakiolojia.

Mji ulijengwa kilomita kadhaa kutoka baharini, jambo lisilo la kawaida kwa miji ya biashara ya pwani. Ajabu zaidi, Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia moja bila kuutaja katika maandishi yao.

Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa kuanzia 1948 hadi 1958. Chini ya miti alikuta msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, zenye vyoo vya ndani. Nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Kaure hizo zilitoka China, na kuna ushanga uliotoka Venice. Lakini nyumba hizo za mawe zilikuwa makao ya matajiri. Wakazi wengi waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, kati ya ukuta wa ndani wa mji na ule wa nje, na hizo zimeoza zote. Tukiusifu mji kwa mawe yake tu, tunawasahau walio wengi.

Kwa nini watu waliondoka? Hutajwa uvamizi wa 1589 wa wapiganaji walioitwa Wazimba, kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi baada ya Wareno kuiteka Mombasa, na kusonga kwa Waoromo kutoka kaskazini. Sababu inayopuuzwa ni maji. Kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kiliongezwa kina, ishara kwamba maji yalikuwa yakishuka. Na mji usio na mto hutegemea visima. Yaelekea sababu hizo zilifuatana, kwani mji uliwahi kuhamwa katika karne ya 16, kisha ukakaliwa tena.

Serikali iliyahifadhi magofu kisheria mwaka 1927, na UNESCO ikayaorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2024. Tatizo lililobaki ni mizizi ya miti: hupasua kuta, lakini msitu huohuo ndio makao ya kima na vipepeo, na hauwezi kufyekwa.