Kura ya Sebuleni

Kura za kwanza za Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, hakuna azijuaye. Tarehe 24 Mei 1956, ukumbi wa Kursaal mjini Lugano, Uswisi, nchi saba zilileta nyimbo mbili mbili, na kila nchi ikawa na majaji wawili waliofungiwa chemba. Luxembourg haikupeleka wake, ikawaachia Waswisi wawili wapige kwa niaba yake. Jaji aliruhusiwa kuipa kura nchi yake mwenyewe. Mwisho akatangazwa mshindi, Lys Assia wa Uswisi, basi. Hesabu haikutolewa siku ile wala baadaye. Wengi walisikiliza kwa redio, maana televisheni zilikuwa chache, na waliyoyaona wao juu ya mshindi huyo yaliishia sebuleni mwao.

Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, na kazi yangu ni kulea wazee katika nyumba moja ya wazee hapa Oslo. Jumamosi ya fainali, mwezi wa Mei, mimi huiomba mwenyewe zamu ya jioni. Huwa kuna kahawa, keki, televisheni kubwa, na wazee walioifuata Grand Prix, kama wanavyoiita wao, tangu ujana. Historia hii nimeisoma kidogo, lakini nyingi nimeipata kwao, na wao hawana habari ya kuwa katikati. Ukimgusia bibi mmoja habari za majaji, ataweka kikombe chini kwanza.

Miaka arobaini watazamaji hawakuwa na neno. Kuanzia 1957 majaji walikuwa kumi kwa kila nchi, wakisoma pointi zao kwa simu, na ubao wa matokeo ukawekwa mbele ya watu. Ubao ule ndio uliowapa watu cha kugombania. Mwaka 1968, London, Massiel wa Uhispania alimpita Cliff Richard kwa pointi moja, 29 kwa 28, na Waingereza hawajalimeza mpaka leo. Mwaka uliofuata nchi nne zilifungana kwa pointi 18, na kanuni ya kuzitenganisha haikuwepo. Zote nne zikatangazwa washindi. Norway, Sweden, Finland na Ureno zikasusia shindano la 1970. Mzee wangu mmoja alikuwa fundi redio enzi hizo, na bado husema “hatukwenda” kwa fahari, utadhani alishauriwa yeye.

Baadaye kukajaribiwa kila namna ya kupiga kura. Kuanzia 1971 hadi 1973 majaji waliwekwa hadharani wawili wawili, mmoja chini ya miaka 25 na mwingine juu yake, wakionyesha pointi zao mbele ya kamera. Mwaka 1974, Brighton, majaji wa Uingereza waliinyima bendi ya ABBA hata pointi moja, na ABBA ikashinda. Mwaka 1975 ukaja mtindo unaojulikana leo, wa kila nchi kuupa pointi 12 wimbo inaoupenda zaidi. Haukuwasaidia Wanorway: 1978 Jahn Teigen alitoka Paris mikono mitupu, sufuri kavu, baada ya kuruka jukwaani akivuta mikanda ya suruali yake. Nyumbani alipokewa kama shujaa na wimbo wake ukapendwa. Majaji wa Ulaya nzima walikuwa wamesema hapana, na taifa zima likawajibu kwa kununua santuri.

Simu za watazamaji zilianza kuhesabiwa 1997, Dublin, kwa majaribio, katika nchi tano: Austria, Ujerumani, Sweden, Uswisi na Uingereza. Páll Óskar wa Iceland, aliyeimba amejilaza kwenye sofa nyeupe, aliambulia pointi 18, na karibu zote zilitoka nchi hizo tano. Majaji wa kwingineko walikuwa kana kwamba hawakumwona. Mwaka uliofuata karibu nchi zote zikapiga simu, na Dana International wa Israel akashinda.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi ambao haujaisha. Saiprasi ikiipa Ugiriki 12 na Ugiriki ikirudisha, ukumbi huzomea. Balkani wakapeana, nchi za kaskazini zikapeana, Waturuki wa Ujerumani wakapiga simu za Uturuki. Magazeti ya magharibi yakalalamika kuwa watu hawapigii wimbo. Mtangazaji wa Uingereza Terry Wogan, aliyewachekesha watu wake kwa kejeli miaka mingi, aliachia ngazi baada ya fainali ya 2008.

Malalamiko hayo mimi huyasikia kwa sikio la Mombasa. Kwetu, kwenye taarab ya harusi, mwanamke huinuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji si kwa sababu sauti imepanda vizuri. Huinuka kwa sababu ubeti ule umempata jirani yake, na jirani yake yupo pale ukumbini. Hajawahi kutokea mtu wa kumwambia kwamba noti yake si halali. Mtazamaji ana upendeleo, ndiyo, lakini anaubeba mkononi na kila mtu anauona. Jaji naye ana wake, ila anauita utaalamu. Nikilazimishwa kuchagua, nitakaa na wapiga simu.

Waandaaji walichagua vingine. Mwaka 2009, Moscow, majaji walirudishwa kwenye fainali kwa nusu ya uzito. Uturuki ilikasirika, ikajitoa baada ya 2012, na haijarudi.

Na 2011 zamu ikafika kwetu. Stella Mwangi, aliyezaliwa Nairobi na kuletwa Norway akiwa mtoto, alishinda shindano la hapa kwa wimbo “Haba Haba”, wa Kiingereza na Kiswahili, juu ya wosia wa bibi yake na methali ile ya kibaba tunayoijua sote. Wazee wangu waliimba kiitikio na meno ya bandia. Tarehe 10 Mei, mjini Düsseldorf, aliimba wa pili katika nusu fainali ya kwanza. Sasa tazama kanuni. Sisi Waswahili wa Norway hatukuweza kumpigia, kwa kuwa huruhusiwi kuipigia nchi unayokaa. Nairobi na Mombasa hawakuwemo kabisa. Waswahili wa Ujerumani walikuwa na jukwaa nchini mwao, lakini Ujerumani ilipangiwa kupiga kura nusu fainali ya pili. Waliobaki na haki ya simu ni wa Uingereza na wachache waliotawanyika. Alitoka wa 17 kati ya 19, kwa pointi 30. Sisemi alionewa, maana sauti yake usiku ule iliyumba. Nasema wale ambao wangempigia kwa moyo walikuwa karibu wote nje ya mlango.

Wapoland walikuwa ndani, na bado haikuwafaa. Mwaka 2014 watazamaji wa Uingereza, ambako wanaishi Wapoland wengi, waliuweka wimbo wa Poland wa kwanza. Majaji wa Uingereza waliuweka wa mwisho. Nafasi hizo mbili zikachanganywa, na Uingereza ikaipa Poland sufuri. Nilifikiria wafanyakazi wa zamu za usiku kama mimi, simu mkononi, na ile sufuri ikisomwa kwenye televisheni. Kuanzia 2016 pointi za majaji na za watazamaji zikatengwa, kila upande ukajitegemea, na mvutano ukawa wazi kwa wote. Mwaka huohuo majaji waliitaka Australia, watazamaji waliitaka Urusi, na Ukraine, iliyokuwa ya pili pande zote mbili, ikachukua kikombe.

Mwaka 2023, Liverpool, Käärijä wa Finland mwenye mikono ya kijani iliyotuna alipata pointi 376 za watazamaji; Loreen wa Sweden 243. Majaji walimpa Loreen 340 na Käärijä 150, na hesabu ikaisha 583 kwa 526. Pointi za majaji zilipokuwa zikisomwa, ukumbi ulikuwa ukiimba wimbo wa Mfini. Sebuleni kwetu Alessandra wa Norway alipewa 216 na watazamaji na 52 na majaji, na yule bibi wa kikombe alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mwaka huo pia mlango ulifunguliwa kidogo: watu wa nchi zisizoshiriki waliruhusiwa kupiga kura kwa intaneti. Dada yangu Mombasa alilipa kwa kadi ya benki na kumpigia Mfini. Kisha akanipigia mimi, anataka kujua kura yake ina uzito gani. Nikamweleza: kura zote za Afrika, Amerika na sehemu kubwa ya Asia zinajumlishwa kuwa nchi moja tu, yenye 12 yake kama nyingine. Uzito huohuo wanapewa watazamaji wa San Marino. Na San Marino inatumia mtandao wa simu wa Italia, kura zake hazitengeki, kwa hiyo pointi za watazamaji wake hukokotolewa kutoka kura za nchi nyingine. “Yaani hao hata hawakupiga?” akauliza. Hawakupiga.