Muhasaba Kabla ya Fitna: Kutoka Kufa hadi Iringa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Maswahaba wake.

Mbalizi ni mji mdogo ulio kwenye barabara kuu itokayo Mbeya kuelekea Tunduma. Katika miji ya namna hii ya Nyanda za Juu Kusini Waislamu si wengi, na mambo ya msikiti huendeshwa na watu wachache wanaojuana. Mweka hazina ni jirani, ni shemeji, ni mshirika wa biashara. Kwa hiyo kumwomba hesabu huonekana ni kumtuhumu. Watu hunyamaza, na kinachonyamaziwa msikitini husemwa barazani. Je, historia ya Uislamu inatufundisha nini juu ya jambo hili?

Tuanze na Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka ya Bani Sulaym. Aliporudi alitenga mafungu mawili: hiki chenu, na hiki nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) alimhesabia, kisha akamuuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Baada ya hapo alisimama akawahutubia watu juu ya kosa hilo, lakini katika hotuba yake hakulitaja jina la mtu yule. Mhusika aliulizwa uso kwa uso; umma ukafundishwa kanuni. Imamu Bukhari aliipokea hadithi hii na akaweka mlango maalumu juu ya kiongozi kuwahesabia watendaji wake.

Tukio la pili ni la Kufa, mwaka wa 21 Hijria (642). Watu wa mji huo walimshitaki gavana wao, Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.), hata wakadai kwamba haswalishi vizuri. Huyu ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo, na ndiye aliyeongoza jeshi la Qadisiyya. Khalifa Umar (R.A.) hakusema kwamba mtu kama huyu haulizwi. Alimwondoa, akamweka Ammar bin Yasir (R.A.), kisha akamwita Sa'd na kumsikiliza. Sa'd alieleza kuwa aliwaswalisha kama alivyoswali Mtume (S.A.W.), na Umar akamwambia kuwa hiyo ndiyo dhana yake kwake. Hata hivyo dhana njema haikufunga uchunguzi. Wajumbe walipelekwa Kufa, wakauliza msikiti baada ya msikiti. Kila mahali alisifiwa, isipokuwa mtu mmoja katika msikiti wa Bani Abs aliyesimama kumlaumu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Mwaka wa 23 Hijria, Umar akiwa kitandani na jeraha la kifo, alimtaja Sa'd miongoni mwa watu sita wa kushauriana juu ya ukhalifa. Akaeleza wazi kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Aliyeulizwa akarudishiwa heshima yake hadharani. Muhasaba usiokuwa na mlango huu wa mwisho hugeuka kuwa kisasi.

Mafakihi nao wamesema kuwa mkono wa msimamizi wa wakfu au mali ya yatima ni mkono wa amana: halipi kilichopotea ila akivuka mpaka au akizembea. Lakini atajulikanaje kuwa hakuzembea kama hakuna maandishi wala mashahidi? Ndiyo maana Qur'ani (4:6) imemwamuru walii aweke mashahidi anapomkabidhi yatima mali yake. Daftari ni ngao ya mwaminifu kabla ya kuwa mtego wa mwizi.

Sasa turudi kwetu. Kwenye barabara hiyohiyo, kaskazini mashariki ya Mbalizi, upo mji wa Iringa. Hapo Desemba 1968 ulifanyika mkutano uliounda BAKWATA. Mwezi huohuo serikali iliipiga marufuku East African Muslim Welfare Society, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1945 na iliyojenga misikiti na shule nyingi. Mgogoro uliotangulia ulihusu, pamoja na mengine, katiba ya jumuiya na nani aiongoze. Wapo wanaouona mkutano ule kuwa ni njia ya kujitegemea, na wapo wanaouona kuwa ni mkono wa serikali. Hatukusudii kuhukumu hapa. Lakini funzo moja halina mzozo: ugomvi ambao jamaa haikuumaliza kwa shura yake ulimalizwa na amri ya dola.

Basi imamu au mwenyekiti anayetaka kamati yenye afya na aanze na nafsi yake: asome hesabu za mambo anayoyasimamia yeye kabla hajadai za wengine. Majukumu yaandikwe siku ya kuteuliwa, si siku ya tuhuma. Sadaka ya Ijumaa ihesabiwe na watu wawili au zaidi, na isainiwe papo hapo. Anayetuhumiwa asikilizwe, na akionekana safi, asafishwe mbele ya walewale waliosikia tuhuma.

Siku ya Kiyama hatutakuwa na kamati ya kujificha nyuma yake. Mwenyezi Mungu atujaalie tujihesabu kabla hatujahesabiwa. Amin.