Waamuzi wa Gari Dogo

Wazee wetu walisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Methali hii ilitungwa kabla motokaa hazijafika katika nchi zetu, walakini yaifaa sana habari ninayotaka kuieleza hapa. Tangu motokaa zilipoanza kuuzwa kwa watu wengi, wamekuwapo mabingwa ambao kazi yao ni kuzijaribu zikiwa mpya, kisha kuandika magazetini ni ipi inayofaa kununuliwa na ni ipi isiyofaa. Na tangu hapo wamekuwapo watu wengine, wenye magari madogo ya bei nafuu, ambao husoma maandishi hayo na kuuliza, "Huyu aliyeandika, amekilalia kitanda hiki siku ngapi?"

Swali hili si la mchezo. Tajiri akishauriwa vibaya hununua gari jingine. Mtu wa mshahara mdogo akishauriwa vibaya huenda akalipa deni la miaka mingi kwa ajili ya kitu kisichotembea. Na kama kosa lenyewe limo katika usukani au magurudumu, aweza kulilipa kwa maisha yake. Basi na tuitazame historia, tuone ni nani aliyekuwa na haki: bingwa aliyeandika, au mwenye gari aliyebisha.

Tuanze Ujerumani. Katika mwaka wa 1938 Hitler aliweka jiwe la msingi la kiwanda kikubwa cha kutengeneza gari dogo lililobuniwa na Ferdinand Porsche, ambalo bei yake ingekuwa ndani ya uwezo wa mfanyakazi wa kawaida. Wajerumani zaidi ya 330,000 walianza kuweka akiba kwa kununua stempu za marki 5 kila juma. Vita vikaja, kiwanda kikageuzwa kuwa cha kazi za jeshi, na watu wengi wakalazimishwa kufanya kazi humo bila hiari yao. Miongoni mwa wale walioweka akiba, hapana hata mmoja aliyepata gari kwa mpango ule.

Vita vilipokwisha katika mwaka wa 1945, kiwanda hicho, kilichokuwa kimepigwa kwa mabomu, kiliangukia mikononi mwa jeshi la Waingereza. Ilibidi kujua kama gari lile lina thamani yo yote. Mafundi wa kampuni ya Humber ya Uingereza walilichunguza, na taarifa yao ikapigwa chapa. Hawakuona kuwa limebuniwa kwa ustadi wa pekee, wala hawakuona kwa nini viwanda vya Uingereza viliige.

Msomaji, kumbuka kwamba Humber nao walikuwa watengenezaji wa magari. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Sisemi kwamba walisema uongo, kwani kasoro walizoziona zilikuwapo: injini ilikuwa nyuma nayo ilipiga kelele, nafasi ya mizigo ilikuwa ndogo, na umbo lake lilikuwa geni machoni. Lakini walilipima kwa kipimo cha mnunuzi wa Uingereza aliyezoea barabara nzuri. Hawakumwuliza mtu ambaye barabara yake ni tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi.

Afisa mmoja Mwingereza, Meja Ivan Hirst, aliyetumwa kukisimamia kiwanda kile, alikuwa na haja nyingine. Jeshi lilikuwa na upungufu wa magari, nalo likaagiza 20,000. Hirst akakifufua kiwanda katikati ya magofu. Tangu mwanzo wa mwaka wa 1948 kiliongozwa na Heinrich Nordhoff, na katika mwezi wa Agosti mwaka wa 1955 gari la milioni moja likatoka. Tarehe 17 Februari 1972 hesabu ya magari hayo ilifika 15,007,034, nayo ikaipita ile ya Ford Model T iliyokuwa imeshika nafasi ya kwanza duniani kwa miaka mingi. La mwisho lilitengenezwa Mexico katika mwaka wa 2003, na kwa jumla yalikuwa zaidi ya 21,000,000. Hilo ndilo gari la Volkswagen ambalo watu waliliita Beetle, yaani mbawakawa, kwa ajili ya mgongo wake wa mviringo.

Habari hii yatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki pia. Katika mwaka wa 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana ulimwenguni kote kwa jina la Safari. Magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini, ila kwa bei yake dukani, ili mnunuzi ajue ni gari gani kati ya yale ya bei moja liwezalo kustahimili barabara zetu. Katika mwaka wa 1954 Vic Preston alishinda akiendesha Volkswagen. Gari la aina hiyo hiyo likashinda tena katika mwaka wa 1957, na tena katika mwaka wa 1962.

Sababu zake si uchawi. Injini ya gari lile ilipozwa kwa upepo, kwa hiyo halikuwa na rejeta ya kutoboka wala maji ya kuchemka njiani. Uzito wa injini ulikuwa juu ya magurudumu ya nyuma, nayo ndiyo yaliyosukuma gari; kwa hiyo yalishika ardhi katika tope ambamo magari mengine yaliteleza tu. Mambo yale yale yaliyoonekana kuwa mageni huko Uingereza yalikuwa msaada mkubwa huku kwetu.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba Safari ilimaliza ubishi wote. Katika mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka, na 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Aliyeshinda, Nick Nowicki, aliendesha Peugeot 404, na gari hilo likapata sifa kubwa katika nchi zetu, sifa ambayo lilistahili. Lakini dereva wa mashindano ni hodari, ana mafundi wanaomngojea njiani, na safari yake ni ya siku chache. Mwalimu anayekwenda shuleni kila siku kwa miaka kumi, akipakia watoto, magunia ya mahindi na jirani mgonjwa, hufanya jaribio la namna nyingine. Ushindi wa Safari ulikuwa ushuhuda mwema, lakini haukuwa ushuhuda wote.

Sasa na twende Marekani. Katika mwaka wa 1936 kiliundwa huko chama cha wanunuzi kiitwacho Consumers Union, chenye gazeti lililokuja kuitwa Consumer Reports. Chama hicho kilikataa kupokea matangazo ya wafanyabiashara, na magari kiliyoyajaribu kiliyanunua dukani kama mtu mwingine ye yote, ili kisipewe gari lililotayarishwa kwa siri. Huko Uingereza nako gazeti la namna hiyo, Which?, lilianza katika mwaka wa 1957. Ndipo palipopatikana waamuzi wasiovutia ngozi upande wao. Tena Consumer Reports walifanya jambo la busara: waliwauliza wasomaji wao, wenye magari yenyewe, ni nini kilichoharibika na mara ngapi. Walitambua kwamba bingwa huwa na gari kwa muda mfupi, na kuna maradhi ambayo hayaonekani upesi.

Mfano wa maradhi hayo ni gari dogo la Chevrolet Vega. Gazeti moja mashuhuri la motokaa, Motor Trend, lililichagua kuwa Gari la Mwaka wa 1971. Likiwa jipya lilipendeza, na walioandika sifa zake waliandika walichokiona. Lakini baada ya muda si mrefu wenye magari hayo waliona kutu ikiyala madigadi, na injini ikipata moto kupita kiasi na kula oili. Je, waandishi walidanganya? La. Kutu haionekani katika juma la kwanza. Aliyekilalia kitanda ndiye aliyewajua kunguni.

Kufika hapa huenda ukasema, msomaji, kwamba shauri limekwisha, na mwenye gari ndiye mwamuzi bora. Ngoja kidogo. Wazee walisema pia, "Ukipenda, chongo huita kengeza." Mtu aliyejinyima miaka mitatu ili anunue gari hapendi kuambiwa kwamba amenunua vibaya. Atalitetea gari lake kama anavyomtetea mwanawe. Nami niandikaye haya ni mwenye gari dogo. Najua jinsi moyo unavyouma linapotukanwa.

Tutazame gari jingine la Chevrolet, Corvair, ambalo Motor Trend walilipa heshima ile ile kwa mwaka wa 1960. Injini yake nayo ilikuwa nyuma, ikipozwa kwa upepo. Katika mwezi wa Novemba mwaka wa 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, alitoa kitabu kilichowashitaki watengenezaji wa magari wa Marekani kwa kutojali maisha ya watu, na sura yake ya kwanza ilihusu Corvair. Alieleza kwamba katika magari ya miaka ya kwanza, gurudumu la nyuma liliweza kujikunja chini ya gari wakati wa kupiga kona kwa nguvu, na dereva akashindwa kulizuia. Kampuni kubwa ya General Motors ikaajiri wapelelezi wamfuatefuate. Jambo hilo lilipojulikana, mkuu wa kampuni alilazimika kuomba radhi mbele ya kamati ya Seneti katika mwezi wa Machi mwaka wa 1966. Mwaka huo huo sheria ya usalama wa motokaa ikatiwa sahihi.

Wenye Corvair wengi hawakukubaliana na Nader. Walisema wameyaendesha magari yao kwa miaka bila ajali. Katika mwaka wa 1969, gari hilo lilipoachwa kutengenezwa, waliunda chama chao cha kulitunza na kulitetea. Na katika mwaka wa 1972 idara ya serikali ilitoa taarifa ya majaribio, ikasema kwamba Corvair ya miaka ya 1960 hadi 1963 haikuwa mbaya kuliko magari mengine ya wakati wake katika kupiga kona. Wenye magari wakafurahi sana.

Lakini soma maneno hayo kwa makini. Kutokuwa mbaya kuliko wenzio si sawa na kuwa mwema. Magari mengi ya wakati ule hayakuwa na mikanda ya kutosha, na usukani uliweza kumchoma dereva kifuani gari lilipogongana na jingine. Huenda Nader aliikaripia Corvair kuliko ilivyostahili, lakini shitaka lake juu ya magari kwa jumla lilikuwa la haki, na watu wengi wako hai kwa ajili ya sheria iliyofuata.

Mfano wa mwisho watoka Sweden. Katika mwezi wa Oktoba mwaka wa 1997 gazeti liitwalo Teknikens Värld lilijaribu gari dogo jipya la Mercedes, la aina ya A, kwa kuligeuza ghafula kushoto na kulia kama dereva anayemkwepa mnyama barabarani. Gari likapinduka. Kwanza watengenezaji walibisha. Baadaye wakasimamisha kuliuza, wakalirekebisha na kulitia mtambo wa kulizuia lisiyumbe. Mtu angeweza kumiliki gari lile miaka mitano asikutane hata mara moja na mnyama wa ghafula, akaapa kwamba ni salama kabisa. Angekuwa mkweli, na angekuwa amekosea.

Basi historia yatufundisha nini? Mwenye gari ajua yanayotokea kila siku, na yale yajayo polepole kama kutu. Bingwa ajua yanayotokea kwa nadra, yale ambayo mtu akiyapata mara moja huenda asipate nafasi ya kuyasimulia. Kila mmoja ana jicho moja. Ayafuataye maandishi ya bingwa bila kuuliza ni kipofu wa jicho moja, na ayadharauye kwa sababu tu gari lake limelaumiwa ni kipofu wa jicho la pili.

Siku hizi watu wengi katika Kenya hununua magari yaliyokwisha kutumiwa katika nchi nyingine, hasa Japani, nayo kanuni yetu hairuhusu kuingiza lililozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo tunapoisoma orodha ya magari mapya yanayosifiwa, twasoma habari za magari ambayo wengi wetu tutayaona yakiwa yamezeeka. Yafaa tumwulize mwandishi wake maswali matatu. La kwanza: unapata faida gani nikilinunua? La pili: ulikaa nalo muda gani, na katika barabara ya namna gani? La tatu: waliolitumia kwa miaka wasemaje?

Kisha, kabla hatujasimama kulitetea gari letu, tujiulize na sisi swali la nne, ambalo ni gumu kuliko yale mengine: je, nasema hivi kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa ni langu?