Joel Bendera na hadhi ya kocha mzawa Taifa Stars

WAKAZI wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, walimfahamu Joel Nkaya Bendera kama Mkuu wa Mkoa wao kuanzia mwaka 2014 hadi 2017. Wapenzi wa soka walimfahamu zaidi kama mwalimu wa Taifa Stars iliyokata tiketi ya kwanza ya Tanzania kucheza fainali za Mataifa ya Afrika.

Tiketi hiyo ilipatikana Agosti 1979 mjini Ndola, pale bao la Peter Tino lilipoipa Stars sare ya 1-1 na Zambia, baada ya ushindi wa 1-0 jijini Dar es Salaam. Katika fainali za Nigeria, Machi 1980, Stars ilifungwa 3-1 na wenyeji na 2-1 na Misri, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast.

Hata hivyo, jina la kocha wa safari hiyo halisomeki namna moja kila mahali. Simulizi za soka nchini humtaja Bendera. Kumbukumbu nyingi za fainali zenyewe humwandika Mpoland Slawomir Wolk kuwa kocha mkuu, na Bendera kuwa msaidizi wake. Hapo ndipo ulipo mzizi wa mjadala ambao haujaisha: kocha Mwafrika mweusi anapofanya kazi, sifa huandikwa kwa jina la nani?

Kuanzia mwaka 2006 benchi la Stars lilikabidhiwa kwa Mbrazili Marcio Maximo, aliyedumu hadi 2010. Walimfuata Wadenmark Jan Poulsen na Kim Poulsen, kisha Mholanzi Mart Nooij. Maximo aliipeleka timu kwenye fainali za CHAN za 2009, lakini hakuna kati ya hao wanne aliyeifikisha fainali za Mataifa ya Afrika.

Mzawa aliitwa pale mgeni alipokwama. Charles Boniface Mkwasa alipewa timu mwaka 2015, kibarua cha Nooij kilipoota nyasi baada ya kipigo cha 3-0 kutoka kwa Uganda, Zanzibar. Salum Mayanga alimfuata mwaka 2017. Hakuna kati yao aliyepewa muda kama wa Maximo.

Ukame wa miaka 39 ulimalizwa na Mnigeria Emmanuel Amunike, aliyeipeleka Stars katika fainali za 2019 nchini Misri. Timu ilipoteza mechi zote tatu, na Julai mwaka huo aliachana nayo.

Kwa fainali za 2023, zilizochezwa mwanzoni mwa 2024, timu ilifuzu chini ya Mualgeria Adel Amrouche. Alipofungiwa na CAF mashindano yakiendelea, Hemed Suleiman 'Morocco' alishika timu kama kaimu na kupata sare dhidi ya Zambia na DR Congo. Novemba 2024 aliivusha Stars hadi fainali za 2025 kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea, na Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya CHAN.

Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali hizo, Morocco aliondolewa na Muargentina Miguel Gamondi akashika usukani. Gamondi aliifikisha timu hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza, mafanikio ambayo hayawezi kubezwa. Lakini tiketi ilikuwa imekatwa na mzawa.

Suala hili si la Tanzania pekee. Katika Kombe la Dunia la 2018, lililokuwa na timu 32, Aliou Cissé wa Senegal alikuwa kocha pekee mweusi. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, timu zote tano za Afrika ziliongozwa na wazawa. Mapema 2024 Emerse Faé, kaimu aliyempokea Mfaransa Jean-Louis Gasset katikati ya mashindano, aliipa Ivory Coast ubingwa wa Afrika.

Bendera alifariki dunia Desemba 2017, akiwa ameshuhudia Mkwasa na Mayanga wakipewa timu aliyowahi kuifundisha. Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa fainali za 2027, ambako Stars haitahangaikia tiketi. Kitakachoamuliwa ni nani atakaa kwenye benchi, na jina lake litaandikwa vipi.