Dala za Mfalme Kalākaua na Kidoa cha Lehemu

Mfanyabiashara wa sarafu za kale akiletewa dala ya Hawaii ya mwaka 1883, haanzi na sura ya Mfalme Kalākaua. Huigeuza, akaiinamisha chini ya taa, akatafuta kidoa cha lehemu mgongoni au ukingoni. Mara nyingi hukiona. Sarafu hiyo iliwahi kuwa pini ya gauni, kishikizo cha shati au kidani, na aliyekibandua kitanzi chake alidhani msasa na mkono mwepesi vingeficha yote. Havifichi.

Kidoa hicho ni mlango mzuri wa kuingilia historia ya fedha za Hawaii, nchi iliyokuwa na wafalme, mabaraza na bendera, lakini isiyokuwa na kiwanda chake cha kupiga sarafu. Kila chuma kilichobeba jina la ufalme huo kilivuka bahari kwanza, na mafundi waliokichonga hawakujua lugha iliyoandikwa juu yake.

Sheria ya mwaka 1846 ndiyo iliyoweka mfumo wa dala, hapalua, hapaha na vipande vidogo zaidi. “Hapa” kwa Kihawaii ni sehemu, “lua” ni mbili, “ha” ni nne. Kwa hiyo hapalua ni nusu na hapaha ni robo. Kwa Mswahili neno “dala” halihitaji mkalimani. Limetoka dola, kama dala ya Dar es Salaam, ile shilingi tano iliyozaa jina la daladala.

Mwaka uliofuata ikaja sarafu ya kwanza: senti ya shaba yenye sura ya Kamehameha III, vipande 100,000 vilivyopigwa na karakana binafsi mjini Attleboro, Massachusetts. Ilipokelewa vibaya. Sura haikufanana na mfalme, na maandishi yalisema HAPA HANERI, yaani sehemu ya mia, ilhali tahajia ya Kihawaii ilitaka HANELI. Wamishonari waliotengeneza alfabeti ya lugha hiyo walikuwa wameshachagua L na kuiacha R tangu miaka ya 1820. Sisi tuliokulia kati ya watu wanaopiga “kula” siku ya uchaguzi tunaweza kumsamehe fundi wa Attleboro, lakini Wahawaii hawakumsamehe. Senti nyingi hazikuwahi kuzunguka madukani.

Kwa wakusanyaji wa leo, senti hiyo iliyodharauliwa ni uwanja mpana wa upelelezi. Shada lililo nyuma yake lina matunda madogo, na idadi yake haifanani: kuna chapa zenye matunda 13, nyingine 15, 17 au 18. Tarakimu 4 katika mwaka nayo ina maumbo mawili, moja likiwa na kijimstari kinachokatiza ncha ya mkono wake na jingine halina. Mtu mwenye lenzi na subira huhesabu matunda, akatazama ile 4, kisha akajua ni chapa ipi iliyo mkononi mwake. Kazi hii huokoa pesa pia, kwa sababu maduka ya watalii yameuza nakala nyingi za senti hii za shaba ya manjano.

Kalākaua alikuwa mtu wa mambo makubwa. Mwaka 1881 aliizunguka dunia, mfalme wa kwanza aliyeko madarakani kufanya hivyo, na safari hiyo iliacha nyuma yake sampuli ya sarafu ya nikeli ya senti tano iliyotengenezwa Paris. Februari 1883 alijivika taji mbele ya jumba lake la ʻIolani. Alianzisha nishani za heshima ambazo leo zina soko lake lenye wataalamu na waghushi. Mfalme wa namna hiyo asingekosa fedha yenye sura yake. Hakuwa peke yake katika hamu hiyo: Sultani Barghash wa Zanzibar, mtawala mwingine wa visiwa, alikuwa ametoa riale yake yenye mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882.

Aliyeshika kazi hiyo Hawaii alikuwa Claus Spreckels, tajiri wa sukari na mkopeshaji mkubwa wa serikali. Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Marekani, alichora. Kiwanda cha San Francisco kikapiga. Dala 500,000, hapalua 700,000, hapaha 500,000 na umi keneta 250,000. Ukizijumlisha unapata dola milioni moja kamili. Spreckels alipokea hati za deni la serikali kwa kiasi hicho hicho, ilhali fedha iliyomo ndani ya sarafu ilikuwa na thamani ndogo zaidi, na tofauti ikabaki kwake. Wapinzani wa mpango huo mjini Honolulu walikimbilia mahakamani. (Umi keneta, ndiyo, ni senti kumi; kufanana kwa “umi” na kumi yetu ni bahati tu.)

Awali ilipangwa hapawalu, sehemu ya nane ya dala. Hesabu hiyo haikuoana na mfumo wa Marekani, ikaachwa baada ya kupigwa vielelezo 20 tu. Hapawalu ya kweli ni kitu ambacho wakusanyaji wengi watakufa hawajakigusa. Walio na mfuko wa kawaida hutafuta hapaha yenye kosa la tarakimu, ambamo 8 imepigwa juu ya 3, kana kwamba mfalme alitaka kutawala mwaka 1383.

Utawala wa kifalme ulipinduliwa Januari 1893, na visiwa vikatwaliwa na Marekani mwaka 1898. Kuanzia tarehe 1 Januari 1904 sarafu za Kalākaua zilikoma kuwa fedha halali. Zilikusanywa, zikarudishwa na kuyeyushwa. Dala zilizosalia ni kama 46,000, chini ya moja kwa kila kumi. Hapalua zilibaki 87,000 na ushei. Umi keneta zilipona karibu zote: katika robo milioni, ziliyeyushwa 79 tu.

Sarafu nyingi zilizobaki ziliokolewa na masonara. Watu walizitia rangi ya enameli, wakazichonga majina, wakazitundika kifuani. Hiyo ndiyo asili ya kidoa cha lehemu. Soko huzishusha bei sarafu hizo, jambo ambalo ni sawa kwa biashara lakini si kwa historia: dala safi huenda ililala bila kuguswa katika sanduku la benki, ilhali yenye kovu ilivaliwa na mtu aliyetaka kuendelea kuiona sura ya mfalme.

Kisha kuna zile zinazomtia mgeni kiwewe, dala ya Malkia Liliʻuokalani ya 1891 na ya Binti Mfalme Kaʻiulani ya 1893. Zimechongwa vizuri kuliko senti ya Attleboro, lakini serikali ya Hawaii haikuziagiza. Mwingereza Reginald Huth, mkusanyaji mwenye fedha zake, ndiye aliyezitengenezesha Uingereza kwa idadi ndogo. Kitaalamu ni medali. Hata hivyo, bei zake mnadani ni kubwa, na Kaʻiulani, aliyefariki Machi 1899 akiwa na miaka 23 bila kutawala hata siku moja, hana sarafu nyingine yenye jina lake kutoka enzi ile.