Pallad: Silaha ya Poland na Jina Lake la Haki

Katika maandishi mengi kuhusu majeshi ya Mkataba wa Warsaw kuna dhana inayopita bila kuhojiwa: kwamba kila silaha ya Ulaya Mashariki ilikuwa ya Kisovieti, ila imegongwa muhuri mwingine tu. Dhana hiyo ndiyo inayofanya kirusha guruneti cha Poland, kinachofungwa chini ya mtutu wa bunduki ya AKM, kiitwe GP-25. Jina hilo si lake.

Jina lake ni Pallad wz. 1974. "Wz." ni kifupi cha neno la Kipolandi wzór, yaani mfano, na tarakimu ni mwaka wa mfano huo. AKM ikishafungwa Pallad, silaha nzima huitwa kbkg wz. 1974, kwa kirefu karabinek-granatnik: bunduki na kirusha guruneti kwa pamoja. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kifupi hichohicho kilikwisha kutumika katika kbkg wz. 1960, bunduki ya Kalashnikov iliyorusha guruneti lililovikwa kwenye ncha ya mtutu wake. Hivyo anayeandika "kbkg" akaishia hapo hajatueleza ni silaha ipi. Nayo wz. 1983 ni Pallad-D, yenye kitako chake, isiyohitaji bunduki ya kubebea.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: majina haya yana uzito gani? Najibu kwamba yana uzito wa aina mbili.

Kwanza, ukweli wa historia. GP-25 iliingia katika jeshi la Kisovieti mwishoni mwa miaka ya 1970. Mfano wa Poland ulitangulia. Tena zinatofautiana kimuundo. GP-25 hupakiwa kwa mbele, na guruneti lake halina ganda. Pallad hupakiwa kwa nyuma, na hutumia ganda la milimita 40 kwa 47, wakati lile la NATO ni 40 kwa 46. Kuiita Pallad GP-25 ni kumpa baba jina la mwanawe, ambaye hata hakumzaa.

Pili, uwajibikaji. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulipitisha utaratibu wa kimataifa wa kufuatilia silaha ndogo na nyepesi, na virusha guruneti vya chini ya mtutu vimetajwa humo. Ufuatiliaji huanza kwa kuitambua silaha yenyewe. Jina likikosewa, swali la ilikotoka hupelekwa katika nchi isiyohusika, na nchi inayohusika haiulizwi lolote.

Kwa hiyo nashikilia kuwa jina la silaha ni sehemu ya ushahidi. Wapoland walibuni, wakaunda, wakaipa jina. Sifa ya ubunifu huo ni yao. Na mzigo wa popote silaha hiyo itakapoonekana nao uanze kuulizwa kwao, si Moscow.