Hadithi Iliyookoa Kisiwa

Sanaa si pambo tu. Mwaka 1907 tetemeko la ardhi na mawimbi makubwa yaliua watu wengi katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia. Waliosalia waliyaita mawimbi hayo smong. Watamba hadithi wakasimulia, wazee wakawaimbia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na maji yakakupwa ghafla, kimbilia mlimani.

Tarehe 26 Disemba 2004 tsunami iliua zaidi ya watu laki moja na nusu mkoani Aceh. Simeulue, iliyo karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, ilikuwa na watu wapatao 78,000. Walikufa saba tu.

Mawimbi yale yaliua watu hata Afrika Mashariki. Je, wazazi, sisi tunawasimulia nini watoto wetu?